Chupa za Soda za Posa Yangu

Mpaka leo nikiona kreti la soda masikio yananiwaka moto, na mume wangu akitaka kunikomoa mbele ya wageni huagiza soda makusudi. Basi nisimulie mwenyewe kabla hajawasimulia yeye, jinsi nilivyonusurika kuivunja harusi yangu kwa mkojo wa mama mkwe, tena mkojo usio na kosa lolote.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, soda zimejaa hadi kwenye vijiduka vya milimani huku Mbinga. Mimi nesi, mtu wa Singida, nimetoka kujiendeleza, na zahanati ikanikabidhi chumba cha watu wazima: presha, kisukari, vidonda vya tumbo, niamue ugonjwa na nitoe dawa mwenyewe. Kichwa kikavimba, nisiwafiche. Isitoshe nilikuwa nimeshaposwa na Mwalimu Kosmas, na siku ya posa kwao soda zilinyweka, nyingine zikaachwa nusu nusu kwa kushiba.

Siku moja mama yake Kosmas akasema mbele yangu kwamba siku hizi anachoka. (Msimu wa kahawa huo, nani hachoki?) Mimi, kwa kutaka sifa, nikasema nitampima kisukari. Sasa mgonjwa mwingine ningemkalisha nimuulize, mama, kiu vipi, usiku unaamka kukojoa, maana tulifundishwa maswali kwanza, kipimo baadaye. Lakini mkamwana amuulize mama mkwe habari za kukojoa? Hata kwetu Singida hilo halipo. Nikayameza maswali yote. Naye kwa aibu hiyo hiyo akampa shemeji yangu Otmari, mdogo wake Kosmas, aulete mkojo, umeviringishwa kwenye khanga, ndani ya chupa ya soda.

Nikauchemsha na ile dawa ya buluu. Mkojo usio na sukari huiacha buluu vile vile, wenye sukari nyingi huigeuza rangi ya tofali. Ikawa tofali.

Kumwambia mwenyewe siwezi, nikamwambia Otmari. Akauliza, "Atapona lini, shemeji?" Nikajibu kwa sauti ya darasani, "Kisukari hakiponi, kinadhibitiwa tu." Ukoo ukakaa jioni ile ile, ukaamua kwa upendo kabisa kwamba harusi isubiri mpaka mama apone.

Mnaona kaburi nililojichimbia. Shangazi yake Kosmas akapanda kutoka Mbamba Bay na dagaa kuja kumuaga mgonjwa, jumuiya ya kanisani ikasali rozari, mama akanyimwa togwa na viazi vitamu hadi akakonda kwa njaa, nami nikasema, ehe, kukonda nako ni dalili. Kosmas akawa ananisalimia kama anayemsalimia mkaguzi wa shule. Nililia sana wiki zile, nilimpenda yule mwanaume.

Kisha jumuiya nzima ikataka kupimwa. Wakaja na chupa zao za soda mkononi, na wote wakawa tofali. Nikatuma habari wilayani kwamba tumepata mlipuko wa kisukari (kisukari hakilipuki jamani, hilo nalijua, lakini nilikuwa nimeshachanganyikiwa).

Daktari akaja, mzee mpole wa maneno machache. Watu wamejaa uani, mama mkwe yuko mbele kwenye kigoda. Daktari akasema, "Hebu nione unavyopima. Tuanze na mtu mzima wa afya."

"Wangu," nikasema, nikachukua chupa kwenye kreti la chupa tupu Otmari alilotuletea, nikaingia chooni. Nikachemsha mbele ya umati wote huo.

Tofali.

"Masikini, hata bibi harusi," shangazi akasema, na mama mkwe akaanza kulia. Daktari akatoa chupa nyingine kwenye kreti, akainusa, akatia maji ya kisima, akatikisa, akayachemsha maji yale na dawa yangu. Tukaona tofali.

"Nesi," akasema taratibu, "hata kisima chenu kina kisukari."

Ndipo nikaangalia ndani ya ile chupa, chini kabisa mabaki ya soda yameganda. Zilikuwa chupa za posa yangu, zimerundikwa kwa mama zikisubiri gari la kuzirudisha mjini, na watu wote walikwenda kuazima pale. Otmari alicheka mpaka akakaa chini. Mama akapimwa upya kwa kikopo safi, buluu tupu, na daktari akamuuliza pembeni yale maswali yangu yote. Hakuwa na kitu, ni uchovu wa kuchuma kahawa tu.

Tangu siku hiyo mgonjwa wangu anaulizwa kwanza, awe mkwe au askofu, na nikishindwa kwa aibu namwita mwenzangu amuulize. Na chombo naosha mwenyewe.

Harusi ilifungwa. Ukumbi ukiwa umejaa, mama mkwe akanijia na togwa ndani ya chupa ya soda, akaniinulia mdomoni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Kunywa, mwanangu. Hii nimeisuuza." Nikanywa yote, machozi na kicheko pamoja.