Kifo Ambacho Sikumwambia Daktari

Rafiki yangu, wewe nakuambia kwa sababu najua hutanicheka kisogoni. Ukitaka kunicheka utanicheka usoni, nami nitakubali. Nilimpiga mwanangu wakati moyo wake unamuua. Sikujua, lakini fimbo niliishika mimi.

Binti yangu ana miaka kumi na sita, anakimbia mita mia nane. Mazoezi yao yalikuwa jioni, kwenye barabara ya vumbi kule Katindiuka, katikati ya mashamba ya mpunga. Mimi nikitoka shambani nampitia turudi pamoja. Siku hiyo nikamkuta amekaa pembeni, mkono kifuani, wenzake wanampita wakimrushia maneno.

"Bibi harusi kachoka!"

"Mleteeni kiti na soda!"

Mwalimu wao wa michezo akanifuata, fimbo ya mpera mkononi. "Shikamoo mama. Huyu mwanao anadeka. Kila tukifika raundi ya mwisho, moyo, moyo."

Binti akanitazama. "Mama, moyo unanidunda kama watu wanapiga mpunga kwenye turubai. Halafu unaruka. Macho yanaingia giza."

Nikamwambia mwalimu, "Hebu nipe hiyo."

Nikamchapa miguuni mbele ya wenzake wote. "Simama! Mimi nimelima tangu asubuhi, wangu haudundi?" Nikamchapa tena. Ngozi ya muundi ikapasuka, damu ikashuka mpaka kwenye kiatu. Akasimama, akakimbia analia, na aliwapita wote.

"Umeona mama?" mwalimu akasema. "Dawa yake ndiyo hiyo."

Tukacheka. Mungu anisamehe, tulicheka.

Baada ya siku chache akazimia mazoezini, muda mfupi tu, akaamka mwenyewe. Hapo nikaogopa, nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa dada mdogo, mpole. Alimlaza binti, akambandika nyaya kifuani, mashine ikachora mistari yake kwenye karatasi. Kisha akanigeukia.

"Mama, moyo kwenda mbio mtu akikimbia ni kawaida. Kudunda ovyo na kuzimia katikati ya mbio, hiyo si kawaida. Kwenye ukoo wenu kuna kijana aliyewahi kufa ghafla?"

"Hapana daktari."

"Labda akicheza mpira, akiogelea, akibeba mzigo?"

"Kwetu watu wanakufa wazee."

Nilisema hivyo rozari ikiwa shingoni. Wala sikujiona ninadanganya, na hapo ndipo nataka unielewe. Kaka yangu alikufa akiwa na miaka ishirini. Lakini kwetu yeye hakuhesabiwa kwenye wagonjwa. Kwetu tulisema kaka alirogwa, na aliyerogwa hakuumwa, sasa daktari unamwambia nini? Tena mimi ni mama wa jumuiya, nasalisha watu. Nianze kutaja uchawi mbele ya msomi?

Daktari akasema, "Karatasi hii iko vizuri, ila nimempima akiwa amelala. Asikimbie mpaka mrudi kwangu." Mimi nikashika neno moja tu, vizuri.

Mashindano ya shule yakafika. Mwalimu akaomba, binti akaomba, nikakubali. Nikamwombea pale pale uwanjani, nikamchora msalaba kwenye paji la uso. Kabla ya mbio, mama mmoja ambaye binti yake anashindana na wangu aliwamiminia wote wawili maji kutoka kwenye dumu lake. Wakanywa kikombe kimoja.

Kona ya mwisho wangu alikuwa mbele. Nilikuwa napiga vigelegele. Akaanguka kama gunia linalorushwa kutoka juu ya lori, uso ukatangulia, nikasikia meno yanagonga ardhi. Hakujikinga hata na mikono. Mwalimu alifika wa kwanza, akapiga magoti, akaanza kumkandamiza kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu zote, kama mtu mwenye ugomvi naye.

Ndipo mtu akapiga kelele. "Maji! Alipewa maji na yule mama!"

Rafiki yangu, watu hawakusubiri. Walimvuta yule mama kwa kitenge mpaka akabaki na gagulo. Mmoja alimpiga na kiatu mdomoni. Mwingine akachukua lile dumu, likiwa bado na maji, akambamiza nalo kichwani.

"Na wangu amekunywa hayo hayo!" mama akalia. "Jamani, si mmeona? Na wangu amekunywa!"

"Mchawi hana haya!"

"Mng'oeni hayo meno!"

Binti yake akamlalia mama yake amkinge. Wakampiga mateke mbavuni mpaka akabiringika. Damu ya yule mama ilikuwa inaingia machoni, anapapasa ardhi kama kipofu. Kisha wakanitengenezea njia. Mwanaume mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akaniwekea jiwe mkononi. "Piga wewe kwanza, mama. Haki yako."

Jiwe lilinijaa kiganja. Uzito ule niliufahamu.

Kaka yangu alianguka hivyo hivyo kule Mchombe, kwenye fainali ya kugombea mbuzi. Anakimbilia mpira, anacheka, akalala chini asiinuke. Nyuma ya goli alikuwa amekaa mzee jirani yetu, anatafuna muwa. Watu wakasema ni yeye. Walimvunja mguu kwa mpini wa jembe, wakachoma nyumba yake na mpunga wake ndani. Mimi nilikuwa msichana mdogo. Kazi yangu ilikuwa kuokota mawe na kuwapa wakubwa, nimeyabeba kwenye kanga. Yule mzee walimhamishia Uchindile kwa ndugu zake, akafia huko. Nimeungama mambo mengi maishani, hata hasira za jikoni. Hilo sikuwahi kuliungama, maana niliamini tulifanya haki.

Nikatupa jiwe. Nikasema, "Mwacheni." Hakuna aliyesikia. Nikajirusha juu ya yule mama, tofali lililokuja kwake likanipata begani, mkono ukafa ganzi. Nikapiga kelele mpaka sauti ikapasuka: "Ni ugonjwa wa kwetu! Ni wa ukoo wetu! Kaka yangu alikufa hivi hivi!"

Hapo wakasimama. Unajua wewe, mama hasemi hadharani kwamba ukoo wake una ugonjwa, akiwa na binti wa kuolewa. Wakanitazama kana kwamba nimevua nguo.

Ndipo mwalimu, bado yuko magotini, akasema, "Anapumua! Jamani, anapumua!"

Tuliwapandisha wote wawili, binti yangu na yule mama, nyuma ya gari moja la mizigo. Hospitali, daktari alikuwa yule yule.

"Mama, nilikuuliza."

"Uliniuliza ugonjwa, mwanangu. Kaka yangu sisi tulisema karogwa."

Akaweka kalamu chini. "Haya. Niambie na waliorogwa."

Nikamwambia wa kaka. Nikamwambia na wa shangazi, aliyezama kwenye maji ya magotini tu akivuka kwenda shamba, tukasema kavutwa na jini la maji. Daktari aliandika yote. Ndiyo yaliyotupeleka hospitali kubwa, wakapiga picha ya moyo. Msuli wa moyo wa binti yangu umenenepa kupita kiasi, tena ni kitu cha kurithi. Anameza vidonge kila siku. Mbio, basi. Viatu vyake alivitumbukiza chooni, akakaa wiki nzima bila kunisemesha. Sikumlaumu. Tulipopimwa wengine, na mdogo wake, ambaye hajawahi kulalamika hata siku moja, anao ugonjwa huo.

Yule mama jicho lake la kushoto halioni. Nilikwenda kwake, nikapiga magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Kila Jumapili baada ya misa napita tena. Mwalimu siku hizi anatembea bila fimbo. Mtoto akishika kifua anamkalisha na kumwita mzazi.

Haya nimeyaandika mwenyewe, kwa Kiswahili changu cha masomo ya jioni, kwa hiyo usinihukumu kwa mwandiko. Wasomee watu. Msomee mwalimu wa michezo, kocha wa mtaani, mama anayesema mtoto wake anadeka. Waambie mtoto akisema moyo unaruka akikimbia, asimamishwe, apelekwe. Na wakifika kwa daktari wawataje wafu wao wote, hasa wale tuliosema wamerogwa. Usiikalie hii karatasi. Ukimaliza, mpe mwenzako.