Mama Mdogo wa Wanangu

Kijana wa mwenye nyumba alikuja na futi kupima ukuta wangu nikiwa namlisha uji mwanangu wa pili. Hakupiga hodi. Alipima kutoka mlangoni hadi dirishani, akaandika kwenye kiganja, ndipo akakumbuka kunisalimu. "Shikamoo mama." Nikamwitikia marahaba, maana adabu ni adabu hata kwa anayekutoa nje. Akasema baba yake ameamua upande wote wa mbele ubomolewe, zijengwe fremu za maduka. Wapangaji tuondoke kabla mwezi haujaisha.

Miaka ile ya tisini Mwanza nzima ilikuwa inajenga fremu. Kila kitu ruksa. Aliyekuwa na sebule inayotazama barabara alitoboa ukuta akaweka kaunta, akauza betri na sabuni. Simlaumu yule mzee, hatukuwahi kugombana. Mwenye mali akitaka mali yake, mpangaji utasema nini?

Nilikuwa fundi cherehani. Mitumba ilipomwagika mjini watu wakaacha kushonesha magauni, nami nikabaki kupunguza suruali za Wazungu, wanaume ambao sijui walikuwa wanakula nini huko kwao, maana kiuno kimoja kiliwatosha Wasukuma wawili. Mume wangu alipopunguzwa kazi kiwandani alikwenda machimbo ya dhahabu, akasema atarudi Krismasi. Hakusema Krismasi ya mwaka gani.

Watoto walikuwa wawili. Binti wa miaka tisa, miguu yake iliishiwa nguvu baada ya homa ya utotoni, akawa anatembelea viganja alivyovivalisha kandambili. Miguu haikuwa na kazi lakini mdomo ulifanya kazi ya sisi sote watatu. Mdogo wake alikuwa na miaka mitano, shingo haijakaza, mwili unakakamaa wakati wowote, na neno lake moja tu: "Ma." Alilisema akiwa na njaa, alilisema pia akishiba.

Wapangaji wenzangu walipata vyumba ndani ya wiki. Mimi ng'o. Anayeujua mji wetu anajua kwamba vyumba vya watu wa hali yangu viko juu milimani, katikati ya majabali, unapanda kama mbuzi na ndoo kichwani. Sasa mimi nimpandishe mmoja mgongoni, nimwache juu peke yake, nishuke kumfuata mwingine? Na siku wakiugua wote? Nilitaka tambarare. Hayo tu ndiyo niliyokuwa naomba, ardhi isiyo na mlima.

Nyumba ya kwanza ya tambarare niliyoipata, mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kukubali. Nikawaleta watoto. Akawatazama, akanivuta pembeni. "Wote wawili wako? Tumbo moja?" Nikasema ndiyo. "Usinichukie, mwenzangu," akasema, "mkwe wangu ana mimba." Nilijua anaogopa mkwewe akiwatazama wanangu atazaa kama wao.

Nyumba ya pili mwenyewe alikuwa mwanamume, naye hakuzunguka. Aliniuliza kama mume wangu alikwenda kwa mganga kutafuta utajiri akawatoa watoto kafara. Nikamjibu, "Ningekuwa na huo utajiri ningekuja kupanga kwenye hili banda lako?" Basi, nikawa nimekosa chumba kwa mdomo wangu mwenyewe. Binti yangu alicheka njia nzima. Mimi sikucheka, siku zilikuwa zimebaki nane.

Nyumba ya tatu ilikuwa Butimba. Dalali alinipeleka na baiskeli yake, binti amekaa nyuma kwenye keria, mdogo mgongoni kwangu, mimi natembea pembeni. Mwenye nyumba alikuwa mjane Msukuma, mama wa jumuiya kanisani, uwanja wake umefagiwa na ardhi yake imenyooka kama meza. Alitukaribisha viti. Akawatazama watoto kwa muda, akauliza kwa upole, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, hawa wote ni wako?"

"Ni wa marehemu dada yangu," nikasema.

Dada sina. Kwetu Majita tulizaliwa wavulana watano na mimi. Ningependa kusema lile neno lilinitoka tu, sijui lilitoka wapi, lakini nitakuwa naongopa mara ya pili. Nilikuwa nimelitengeneza njiani. Nilikuwa nalipima mdomoni tangu dalali alipoanza kusukuma baiskeli, na nilipofika lilikuwa tayari, limeshonwa na kupigwa pasi.

Yule mama alishika kifua. "Jamani! Wote wawili amekuachia wewe?" Akaanza kulia, machozi ya kweli. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wewe si mzazi wao lakini umeujua. Mungu akubariki. Chumba ni chako." Halafu akamgeukia binti yangu pale kwenye keria. "Pole kwa kufiwa na mama, mjukuu wangu."

Mtoto aliyekuwa na jibu kwa kila mtu duniani alishika keria kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Nimeshapoa, bibi. Shikamoo."

Tulirudi nyumbani. Alasiri nikiwa nafua, alitambaa akaja kando ya karai. "Mama yetu alikufa na ugonjwa gani?"

"Mwanangu..."

"Watu wataniuliza. Nisije nikasema langu na wewe ukasema lako."

Ningeweza kuacha zile nguo, nimkumbatie, nimwambie tusahau ule upuuzi, tutapata pengine. Nilisuuza shati, nikalikamua. Nikasema, "Malaria." Akauliza tumemzika wapi. Nikasema Majita. "Haya," akasema, na kuanzia siku ile akaniita mama mdogo. Nilidhani ataniita hivyo mbele za watu tu. Aliniita hivyo hata chumbani, mlango umefungwa, kwa sababu alisema ulimi ukizoea huku na huku utateleza.

Tulihamia Butimba, na sijawahi kutendewa wema kama nilivyotendewa pale. Akina mama wa jumuiya walileta sabuni, walileta unga, walileta blanketi. Nikienda kisimani walinipisha. Mtu akipita uwanjani akinikuta namwogesha mwanangu husimama na kusema, "Una moyo, wewe! Watoto wa kuzaa mwenyewe wanatushinda, sembuse wa mwenzio?" Miaka tisa nilikuwa nawaogesha wale watoto na hakuna aliyewahi kunisifu. Nikiwa mama yao nilikuwa mwanamke mwenye mkosi, watu wakivuka barabara kunikwepa. Nilipojifanya mama mdogo, maji yale yale na sabuni ile ile vikawa utakatifu.

Na aibu yangu kubwa ni hii, naisema wazi: nilipenda. Nilipenda kusifiwa. Nilianza hata kujiongezea. Nilieleza jinsi dada alivyonishika mkono siku ya mwisho, alivyonikabidhi wanawe. Nilipata machozi nikieleza. Loo, mwanamke mimi! Binti yangu alikuwa anakaa pale pembeni akichambua mchicha, anasikiliza mama yake akifa.

Jumuiya ilipokusanyika kwetu, yule bibi mwenye nyumba hakuacha hata mara moja kusema, "Tumwombee pia marehemu mama wa watoto hawa, Mungu ampumzishe kwa amani." Nami niliinamisha kichwa nikajibu amina. Jioni moja, katikati ya sala hiyo, mwanangu wa kiume alinigeuzia uso pale mapajani kwangu akasema, "Ma. Ma." Bibi akafuta macho kwa khanga. "Masikini ya Mungu," akasema, "bado anamwita." Nilimziba mwanangu mdomo na kiganja, taratibu, kama ninayemfuta udenda. Nisingemziba angelisema tena.

Tulikuwa tumekaa pale karibu mwaka mmoja bibi aliponiita kwake, ana furaha. Alikuwa amezungumza na sista mmoja mwenye kituo cha watoto wa aina ile, mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Sista atakuja Alhamisi kuwaona, na akiridhika atawachukua wote wawili. Watafanyiwa mazoezi, binti atapata vyuma vya miguu na shule. "Umetimiza wajibu wako kwa dada yako," akaniambia, amenishika mikono. "Hata yeye huko aliko anaona. Wewe bado kijana, mayu. Utaolewa, utazaa wa kwako."

Wa kwako! Habari za mume sikuwahi kumgusia. Nilimshukuru. Nifanyeje? Mama mzazi anaweza kukataa, hakuna atakayemuuliza. Lakini mama mdogo aliyechoka, akiletewa msaada mlangoni akaukataa, anakataa kwa nini? Nikisema ukweli nitatoka na watoto wangu kurudi kwenye majabali, na masika yalikuwa yameanza. Nikinyamaza, watoto wanakwenda.

Siwezi kujitakasa. Siku tatu nilifikiri kunyamaza. Nilijiambia ni kwa ajili ya shule na vyuma vya miguu. Nilijiona nikienda kuwasalimia mara moja kwa mwezi, mama mdogo na zawadi zake. Nilijiona pia nimelala usiku mzima bila kugeuza mtu. Nililiona hilo waziwazi, na lilikuwa tamu.

Sikumwambia binti yangu kitu, lakini nyumba ya kupanga haina siri. Alhamisi asubuhi nilimkuta amefunga kifurushi. Nguo zake mbili, vitambaa vya mdogo wake, na kijiko cha bati. "Kijiko hiki uwaambie," akasema, "kingine hakubali. Na wasimlalishe chali." Hakuuliza kama kweli wanakwenda. Hakulia. Nilisimama pale mlangoni kama gogo, nikasema nitawaambia.

Sista alikuja na pikapu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Binti yangu alimsalimia Tumsifu Yesu Kristo kwa adabu zote. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya viazi vya chai ya mgeni, uso umejaa raha. Sista alichuchumaa usawa wa mtoto, akafungua daftari. Akamuuliza umri, akamuuliza anaweza kuhesabu mpaka ngapi. Kisha akaninyooshea kalamu mimi, akatabasamu, "Na huyu ni nani wako?"

Swali la kumchangamsha mtoto tu. Binti yangu akanigeukia mimi.

"Niseme mama," akauliza, "au niseme mama mdogo?"

Hakuuliza kwa hila. Nilimtazama usoni, na ninajua alikuwa anauliza kweli. Alitaka kujua siku ile ninataka lipi, ili aseme hilo hilo na asiniharibie. Kisu cha bibi kilisimama kwenye kiazi.

"Sema mama," nikasema.

"Ni mama," akamwambia sista, kwa sauti ile ile aliyosemea siku ile "Nimeshapoa, bibi".

Nikaanza kusema vitu vingi kwa mpigo, kwamba ni wangu, nimewazaa mimi wote wawili, hakuna dada. Sista alifunga daftari lake taratibu. Nilingoja bibi aniulize kuhusu uongo, kuhusu unga na sabuni na sala za mwaka mzima. Hakuniuliza hayo. Aliuliza, "Ulimwambia mtoto huyu mama yake amekufa, na yeye akakubali?"

"Ndiyo, mama."

Akaweka kisu chini, akaingia ndani, akafunga mlango.

Sista aliondoka bila watoto, akiahidi kurudi kwa ajili ya vyuma vya miguu, na alirudi kweli. Mimi nilianza kufungasha. Sikulaumu mtu. Nilikuwa nimeshakunja godoro bibi aliposimama mlangoni kwangu. Hakuingia. "Unafungasha nini? Shusha. Chumba hiki nimewapa watoto," akasema. "Wewe utakaa humu kwa sababu yao."

Tulikaa miaka minne. Hakunifukuza, hakunisema kwa watu, na wala hakuniita tena mayu. Aliwaita wanangu wajukuu zake mpaka tunahama. Siku nyingine nilitamani angenitukana.

Mdogo alitutoka akiwa na miaka kumi na moja, kifua kilimzidi. Nilimzika kama mama yake, na watu walinipa pole kama mama yake. Binti yangu sasa ni mtu mzima, anatembea kwa magongo, ana kibanda chake cha kushonea na anashona kuliko mimi. Nimewahi kumwomba msamaha mara moja. Hakuinua kichwa kwenye cherehani. "Ulikuwa unatafuta chumba, mama," akasema, akaendelea na mshono wake.

Mama huniita siku zote, tangu Alhamisi ile. Lakini mteja mgeni akiingia kibandani akinikuta nimekaa, akauliza huyu ni nani wako, binti yangu hajibu papo hapo. Hunitazama kwanza.