Maziwa Mgando Kichwani mwa Bibi Harusi

Mama alimwosha mteja wake, Dada Furaha, nywele kwa maziwa mgando, kwa sababu bomba la saluni yetu kule Soweto lilikauka dawa ya kulainisha nywele ikiwa bado kichwani. Nilikikumbuka kisa hicho cha utotoni juzi, nilipoona kwenye simu picha za theluji katika milima ya Lesotho, yanakotoka maji ya Johannesburg.

Mchana ule redio ilikuwa imetaja theluji kama hiyo. Basi nilidhani maji yameganda njiani, nikabandika sikio kwenye bomba baridi, nikisubiri barafu ipasuke ndani. Sasa najua kwamba mabwawa ya milimani yanaweza kujaa na mabomba ya mjini yakawa makavu.

“Eish, Mama Neema, kichwa kinaungua!” Furaha alimpigia mama kelele.

Mama aliifuta dawa kwa taulo, akakimbilia spaza, kiduka cha jirani, na kurudi na chupa zote za maziwa mgando.

“Kesho nisimame madhabahuni nikinuka kama ndama?” Furaha alilia.

“Bora ndama mwenye nywele. Inama!”

Alimimina chupa baada ya chupa, mpaka kilio kikakoma. Nywele zilibaki. Lakini giza lilipoingia, bomba lilikuwa bado halijatoa hata tone la kumwondolea bibi harusi ile harufu.