Gitaa la Anko Tito na Mawimbi ya Brayo

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, inayonirudia zaidi ni Ijumaa moja hapa hapa Doha, nilipoamka nikaanza kufungasha nguo kabla hata sijanywa chai. Hakuna aliyenifukuza. Kazi nilikuwa nayo, msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, na wenzangu wa hosteli walikuwa watu wazuri. Ila miguu ilikuwa inaniwasha. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa Dubai alinipigia simu kila wiki, njoo, huku ndiko kwenye mambo, na mimi siku zile mtu akiniambia njoo nilikuwa nusu njiani. Nilitoka Nakuru nikaenda Nairobi, nikatoka Nairobi nikaenda Mombasa, Mombasa nikaja huku. Kila nilipofika nilianza kuulizia pa kwenda kabla sijajua duka la mkate liko wapi.

Nakuambia haya kwa sababu ya jana. Ulikuja kwangu hapa Al Mansoura, ukakaa pembeni mwa kochi kama mtu anayesubiri gari, ukaniambia kikundi chenu cha muziki kinavunjika. Mmoja anasema mpigo wenu ni wa zamani, mwingine anasema wa mwenzake ni wa kuiga, na wewe umechoka, unataka kwenda zako. Sikukujibu. Nilikuongezea karak tu, ile chai ya maziwa ya huku, ukanywa, ukaondoka. Leo nakujibu.

Mimi gitaa nilifundishwa na baba. Alikuwa na santuri za vijana wa Kiingereza waliopiga magitaa bila mwimbaji. Juu ya jalada walikuwa vijana wanne wenye suti na tai, viatu vinang'aa, wote wametanguliza mguu mmoja. Nikiwa mdogo nilimuuliza, "Baba, mbona hawaimbi?" Akasema, "Gitaa ndilo linaimba. Nyamaza usikie." Na kweli lilikuwa linaimba. Solo ilitembea peke yake, safi, kila noti imesimama mahali pake, na nyuma yake mwangwi mdogo uliirudia, kana kwamba kuna mtu chumba cha pili anayeitikia. Baba alinifundisha kupiga kordi za kusindikiza tu. Solo, alisema, inataka mtu anayeweza kukaa kitako, akaniangalia, akacheka.

Basi Doha, siku moja tukitoka misa, ambayo huku tunaisali Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko, nikasikia mzee mmoja anapiga mluzi wimbo wa zile santuri za baba. Nikasimama. Huyo ndiye Anko Tito. Alikuwa Mgoa, Mhindi wa asili ya Goa, lakini mzaliwa wa Pangani, Nairobi, karani katika kampuni moja ya mizigo. Ujanani alipiga solo kwenye hoteli za Nairobi, yeye na bendi yake, suti, tai, mguu mmoja mbele, kama wale wa kwenye jalada. Alipojua ninashika gitaa hakuniachia. Kila Ijumaa mchana ikawa nakwenda kwake Fereej Bin Mahmoud, kwenye fleti yake ya chini, tunapiga. Dramu alipiga Kato, dereva kutoka Uganda, mtu wa maneno machache. Kisha Kato akamleta Brayo.

Brayo alikuwa kijana wa Nairobi, Eastlands, na kazi yake ilikuwa kukaa juu ya kiti kirefu kando ya bwawa la hoteli akiangalia wageni wasizame. Mgeni mmoja aliondoka akamwachia CD za muziki wa Kimarekani, ule wa vijana wa pwani ya kule wanaopanda mawimbi kwa mbao. Nao ulikuwa wa magitaa matupu, bila mwimbaji, lakini gitaa lenyewe lilipigwa kwa kasi kama mvua juu ya mabati. Ndani ya amplifaya zao kuna springi, na sauti ikipita humo inatoka kama imelowa maji. Brayo aliisikia, akaugua. Hajawahi kupanda wimbi hata moja, na bahari ya hapa siku nyingi imelala kama sakafu iliyopigwa deki. Lakini ungemwona akipiga ungedhani ameponea chupuchupu kuzama.

Anko Tito yeye alikuwa na mashine yake ya mwangwi, kuukuu, ya utepe, ambayo hakuruhusu mtu aiguse. Unaona ilivyokuwa. Mmoja ana mwangwi, mwingine ana springi. Mmoja anatembea, mwingine anakimbia. Wote wawili wanataka gitaa liimbe, na hawawezi kukaa chumba kimoja nusu saa bila kununa.

Sasa ile Ijumaa ndiyo yalikuwa mazoezi yetu ya mwisho. Anko Tito alikuwa amestaafu, na unajua mambo ya huku, kazi ikiisha na kibali cha kukaa kinaisha. Rafiki zake walikuwa wamemwandalia karamu ya kumuaga kwenye nyumba moja Muaither, na alikuwa ametuomba jambo moja tu. Tupige wimbo wake mwenyewe, alioutunga akiwa kijana Nairobi. Bendi yake ilivunjika kabla haujapigwa mbele ya watu. Ulikuwa hauna maneno, wala hakuwahi kuupa jina.

Mimi nilikwenda kwa nia ya kupiga mara ya mwisho, kisha niwaambie naondoka. Sikujua ningeanzia wapi. Tukaanza wimbo. Katikati, Brayo akafungua springi zake mpaka mwisho na kuanza kuukimbiza.

Anko Tito akanyanyua mkono. "Nani amekuambia ufanye hivyo?"

"Anko, wimbo umelala. Mimi nauamsha tu."

"Haujalala. Unatembea. Wewe ndiye una haraka."

"Lakini Anko, na heshima zote, hao Waingereza wenu si waliiga tu? Hii kitu ilianzia Amerika."

Uso wa mzee ukabadilika rangi. "Tulikuwa tunapiga hivi kabla dunia haijasikia habari za hizo mbao zenu!"

"Tulikuwa? Kina nani, Anko? Wewe ni wa Pangani!"

Kato alicheka, kisha akatamani angemeza kicheko chake. Anko Tito akaliweka gitaa chini. Alikuwa anaondoka Doha kwenda kukaa kwa dada yake Goa, mahali ambapo hakuwahi kuishi hata mwezi mmoja. Nairobi hakuwa na mtu tena. Kumwuliza mzee kama huyo kwamba yeye ni wa kina nani, hata kwa mzaha, lilikuwa neno zito. Brayo mwenyewe alilisikia likimtoka. Badala ya kuomba radhi akachomoa waya na kuanza kuukunja. Mimi, mwanangu, nilikaa na gitaa mapajani, na kitu nilichokisikia moyoni kilikuwa nafuu. Vizuri, niliwaza. Wamevunjika wenyewe, sina haja ya kuaga.

Hapo mlango ukagongwa.

Tulijua ni nani. Ghorofa ya juu aliishi Ustadh Hilmi, Mmisri, mwalimu mstaafu wa muziki, ambaye mara mbili alikuwa ameshatushtaki kwa mwangalizi wa jengo. Mara ya pili mwangalizi alisema ikifika ya tatu, Anko Tito ahame. Anko Tito akafungua, tayari ameanza kuomba samahani kwa Kiarabu chake cha dukani.

Ustadh aliingia na kandambili zake, akatutazama mmoja mmoja. Akauliza kwa Kiingereza, "Nani alikuwa anapiga haraka haraka?"

Brayo akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Rudia."

Brayo akachomeka waya, akapiga, mkono unatetemeka juu ya uzi mmoja. Ustadh akasikiliza ameinamisha kichwa, kisha akatoka. Tukasikia kandambili zikipanda ngazi. Kato akasema taratibu, "Ameenda kumpigia mwangalizi." Lakini kandambili zilirudi, na mzee akaingia amekumbatia udi, ala ile yenye tumbo la mviringo unayoiona kwenye vikundi vya taarabu. Akaketi, akatoa kipigio chake kirefu chembamba, akapiga.

Nikuambie nini? Ilikuwa ile ile. Ule ule mtetemo wa mkono, ule ule uzi mmoja unaolia bila kupumua, ila huu ulitoka kwenye mbao tupu, hauna umeme wala springi. Brayo alifungua mdomo akasahau kuufunga.

"Huu mkono wako," Ustadh akamwambia, "mimi nilifundishwa na baba yangu, naye na babu. Waarabu walihamia kila mahali, hata Amerika. Mkono unakwenda na wenyewe." Kisha akamgeukia Anko Tito. "Na wewe, ule wimbo wa polepole. Ndio nilioushukia. Nilikuwa nausikia kila Ijumaa, nasubiri uishe vizuri, na kila Ijumaa mnaukatiza."

Anko Tito akapiga, kwa shingo upande mwanzoni. Kila alipomaliza sentensi ya gitaa, Ustadh akamjibu kwa udi, kidogo tu, nyuma yake, kama ile mashine ya mwangwi inavyojibu. Wakafika nusu. Ustadh akamwashiria Brayo kwa kidevu. Brayo akasita, akamtazama Anko Tito. "Anko, nimekosa," akasema.

"Ingia," akajibu Anko Tito. "Lakini ukae chini yangu."

Akaingia kwa chini, kwa kasi yake ile ile, ila laini, na mwendo wa mzee ukawa unapita juu yake. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Solo ilikuwa inatembea juu ya maji.

Sasa hapo ndipo nilipopata changu. Kwa furaha, au kwa wasiwasi, sijui, nikaanza kuongeza mwendo wa kordi. Anko Tito akasimamisha kila mtu.

"Binti," akaniambia, bila ukali, "wewe unapiga kama mtu anayetafuta mlango. Hawa wapumbavu wawili, mimi na huyu, tunagombana kwa sababu kuna kitu tunakipenda. Wewe miezi yote hii hujagombana na mtu yeyote. Unajua kwa nini? Hujafika bado. Mwili umefika, wewe hujafika. Piga kordi hiyo moja mpaka uisikie."

Nikaipiga. Mbele ya wote wanne, kordi moja, tena na tena, uso unawaka moto. Nilitamani kukimbia. Halafu, sijui baada ya muda gani, nikaanza kuisikia kweli, na ndani yake nikasikia dramu ya Kato, ambayo niwie radhi nikisema nilikuwa sijawahi kuisikiliza. Alikuwa mpigaji mzuri sana, yule Mganda.

Tulipopumzika, Brayo aliuliza tena, kwa adabu safari hii, ni nani basi alianza. Anko Tito alifikiri. Akasema kabla ya Waingereza wake na kabla ya wale wa mawimbi, kulikuwa na Wamarekani wengine waliopiga gitaa zito la nyuzi nene, na vijana wa pande zote mbili walikesha na redio wakiwasikiliza. "Ni watoto wa ndugu," akasema, "wamelelewa nyumba mbili, bahari katikati. Wengine wakavaa tai, wengine wakavua mashati."

"Basi Anko, mimi ni mpwa wako."

"Wewe ni mtovu wa adabu," akasema mzee, lakini alikuwa anacheka.

Muaither tulipiga watano, na udi ukiwemo. Wazee wa Kiingereza walioalikwa walikuwa wanagonga miguu chini, wauguzi wa Kenya wakacheza twisti kwenye zulia la mwenye nyumba. Mwisho wa wimbo Anko Tito aliondoa mkono kwenye nyuzi, akamwachia Brayo amalizie peke yake. Hatukuwa tumepanga hivyo. Nilimtazama Brayo, machozi yanamshuka na mkono hauachi kutetemeka.

Dubai nilikwenda mwaka uliofuata, kwa likizo, nikarudi. Anko Tito alitupigia simu kutoka Goa kila Krismasi. Mara ya mwisho sauti yake ilikuwa ndogo, na alikuwa na swali moja. "Brayo bado anakimbiza kama mwendawazimu?"

"Bado, Anko."

"Mwambie asipunguze."

Basi, mwanangu. Sikuambii usiondoke Doha. Muwasho wa miguu mimi mwenyewe haujaniisha hadi leo na mvi hizi. Ninachokuambia ni kwamba usiondoke mahali ambapo hujafika. Rudi kwa wenzako. Yule anayesema mpigo wako ni wa zamani, mwambie apige wake, nawe ukae kimya mpaka umalizike, ukitafuta humo kitu ambacho unakijua. Kitakuwemo. Nani alianza, nani aliiga, hayo waachie wasio na ala mikononi. Na ukiwa umemkosea mtu mzima kwa neno, liombee radhi siku hiyo hiyo, kwa maana wazee wa huku wanaondoka kwa tarehe ya kibali, hawangojei uwe tayari. Ukishayafanya hayo, kama miguu bado inawasha, nenda, na mimi mwenyewe nitakusindikiza uwanja wa ndege.

Mungu akutulize moyo bila kukuzima moto. Akupe watu wa kugombana nao kwa mapenzi na kupatana nao kabla jua halijachwa, na kokote utakakokwenda, ufike.