Nani Alisahau Ubeti

Kanisani kwetu Bredäng, kitongoji cha huku ughaibuni, mwimbishaji akisahau ubeti, kwaya haimwaibishi. Inarudia kiitikio, tena na tena, mpaka akumbuke. Mama alinilea humo, kwa hiyo nilipomkatia tiketi aje kunisikia nikiimba kwenye kwaya ya opera mjini, nilijua nimejitafutia balaa. Ilikuwa opera ya Kimarekani, ya wale watunzi wanaokizungusha kipande kimoja kifupi mpaka kikubadilikie masikioni. Nilimweleza yote hayo. Akajibu tu, "Sawa, mwanangu."

Tulipoanza kurudia, nikamwona safu ya mbele, mkoba kaukumbatia, midomo inamcheza. Alikuwa anatuombea! Asisimame, Mungu wangu, asije akasimama kuomba kwa sauti kama kanisani. Na kwa kumwangalia yeye, nikapotea. Sikujua tena tumefika wapi. Nikakishikilia kile kile kipande hadi wenzangu walipobadilisha nikawafuata.

Nje, wenzangu walikuwa wakipongezana kwamba hakuna aliyekosea. Mama akanifunga skafu vizuri shingoni, akaninong'oneza, "Nani alisahau?"

"Mimi, mama."