Mkono Kwenye Kiti Kitupu

Mume wangu hapendi flashi. Anasema flashi inamfanya kila mtu aonekane kama amekamatwa akiiba, na kwa hilo tu nakubaliana naye. Picha za usiku huzipiga kwa mwanga uliopo, uwe wa balbu, wa mshumaa au wa dirisha la jirani, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Nusugiza. Chumba chake cha kazi na changu cha cherehani vinatenganishwa na pazia. Anachofanya nakisikia, na nisichokisikia nakwenda kukichungulia.

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Mteja akisifia gauni kabla hajalivaa, namwangalia mara mbili. Kwa hiyo siku Nusugiza alipoingia akipiga mluzi na kuniambia amepata preseti za usiku, machale yalinicheza palepale.

"Preseti ndiyo nini?"

"Mipangilio iliyokwisha kutayarishwa. Mtu hodari wa picha za usiku ameshakaa akapima mwanga, akapima rangi, akahifadhi. Mimi naweka kwenye kompyuta, nabonyeza mara moja, picha yangu inapata sura ya zake."

"Na yeye anapata nini?"

"Hapati kitu. Ametoa bure."

Niliposikia bure niliweka mkasi chini, nikasogeza pazia, nikaenda kusimama nyuma ya kiti chake. Faili alilolipakua lilikuwa limebanwa kama nguo za safari. Akalifungua, yakatoka mafaili madogo madogo yenye majina ya kubembeleza: Mtaa wa Mvua, Taa za Njano, Mwezi Mchanga. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Nikamwambia, "Unaona? Hata yenyewe haiamini." Akabonyeza ndiyo. Akafungua programu yake ya picha, akaenda kwenye sehemu ya preseti, akachagua kuingiza, akaonyesha folda, na yale majina yakajipanga upande wa kushoto. Nilisubiri kioo kizimike. Hakikuzimika.

Akachukua picha ya mlango wetu aliyoipiga baada ya magharibi, imejaa chenga na umanjano wa balbu. Akabonyeza Taa za Njano. Umanjano ukapoa, giza likawa giza kweli, chenga zikalainika. Ilipendeza mno, na kitu kikipendeza mno kwa kubonyeza tu, mimi nakosa amani. Yeye mwenyewe alikubali kwamba haitoshi. Preseti ya mtu haijui taa za kwetu, alisema; ukishaibonyeza lazima upunguze hapa, uongeze pale, halafu uihifadhi upya kwa jina lako. Hapo nilimwelewa, maana hata pateni ya gauni unaweza kuiazima, lakini kiuno ni cha mteja wako.

Haraka yote hii ilikuwa kwa ajili ya baba mkwe. Mzee alikuwa anastaafu kazi ya posta, na aliomba kitu kimoja tu: picha ya kutundika sebuleni, watoto wake na wakwe zake wote, bila hata mmoja kukosekana. Maneno "bila hata mmoja" aliyasema akiniangalia mimi.

Kila mtu alijua kwa nini. Dada mkubwa wa Nusugiza, wifi yangu, aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba gauni nililomshonea limemfanya afanane na godoro lililofungwa kamba. Wifi ni mkunga, amezoea kusema na watu wasio na nguvu za kumjibu. Tangu siku ile salamu zetu zilikuwa za mlangoni, na meza moja hatukukaa. Lakini sherehe ilipokaribia alinipigia simu mwenyewe. "Wifi, njoo," akasema. "Yaliyopita yamepita." Nikamjibu nitakuja. Simu ilipokatika nilibaki nimeishika, nikijiuliza anataka nini.

Siku ya sherehe Nusugiza alitangulia uani kwa baba wakati bado kuna mwanga. Alisimamisha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, akaielekeza kwenye meza ndefu, akaonya asiiguse mtu, kwa sababu picha ya usiku isiyo na flashi ikitikiswa kidogo tu inaharibika. Giza lilipoingia na taa zikawashwa, alipiga moja ya majaribio, meza ikiwa bado haina watu. Kisha tukaanza kukaa.

Wifi alikaa mwisho wa meza upande wa kushoto, karibu na ukuta. Nilipotokeza tu akanikazia macho. Nikajua anakagua nilichovaa. Nikampa mgongo, nikaenda kubanana na akina mama upande wa pili kabisa, kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni. Kila nilipoinua uso alikuwa ananitazama. Hata Nusugiza alipoitega kamera ijipige na kukimbilia kukaa ili picha kubwa ya wote ipigwe, wifi alikuwa anatazama upande wangu. Nilirudi nyumbani nimechoka kutazamwa.

Picha alizishughulikia baadaye, mchana, huku mteja wa harusi akimgongea mlango. Alianza na ile ya majaribio: akabonyeza Taa za Njano, akarekebisha, akaondoa takataka zilizoonekana, akahifadhi preseti yake mpya kwa jina Ya Baba. Kisha akachagua picha zote kwa pamoja, akabonyeza Ya Baba, akazituma kwenye kundi la familia bila kuzipitia. Sifa zikamiminika. Mimi nilizitazama kwa jicho la pembeni, nikarudi kwenye pindo.

Kesho yake wifi akaingia bila hodi. Aliweka simu yake juu ya kitambaa nilichokuwa nakata.

"Mimi niko wapi?"

Nikatazama. Kwenye picha ya kwanza, mwisho wa meza, alipokuwa amekaa, palikuwa na ukuta na giza. Ya pili vilevile. Nikapitisha zote mpaka ile kubwa. Watu wote walikuwepo isipokuwa yeye. Jirani na lile giza palikuwa na kiti kitupu, na juu ya mgongo wa kile kiti palikuwa na mkono. Mkono mtupu, umevaa saa, hauna mwenyewe.

"Saa hiyo ni yangu," wifi alisema. "Mkono umebaki. Mwenye mkono amekwenda wapi?"

"Sijui, wifi."

"Hujui. Kapiga mumeo, mnakaa chumba kimoja, na hujui. Mimi nimejishusha nikakupigia simu, kumbe umenisubiri kwenye picha. Baba hajavaa hata miwani, ameshaipeleka hiyo kubwa ikachapishwe. Atanitundika sebuleni nikiwa mkono."

Nilitaka kucheka, na papo hapo nikahisi machozi. Maana nilikumbuka kitu. Kabla ya sherehe, nikiwa namlalamikia wifi, Nusugiza alinitania: "Basi usijali, nitakufutia huyo kwenye picha." Nikamwita. Akaja, akatazama simu.

"Si mimi," akasema.

"Nani basi?" nikamuuliza. "Wewe si ulisema utanifutia?"

Lilikuwa limeshatoka. Wifi aligeuka taratibu.

"Alisema atakufutia nini?"

Nilimtazama mume wangu na kwa mara ya kwanza nikamwogopa kidogo, mtu mpole hivi, asiyeua hata mende, kumbe ana uwezo wa kumfuta dada yake ili mkewe afurahi. Na kibaya zaidi, sehemu ndogo ndani yangu ilifurahi, kisha ikaona aibu.

Nusugiza alikwenda kwenye kompyuta. Tukamfuata, mmoja huku, mwingine huku. Akafungua ile picha ya majaribio, akaitazama, akajipiga paji la uso.

"Ndoo," akasema.

"Ndoo gani?"

"Palikuwa na ndoo nyeupe zimepangwa pale ukutani, kabla watu hawajakaa. Zilikuwa zinang'aa kwenye taa, nikazifuta. Halafu nikahifadhi preseti. Programu huuliza uweke nini ndani yake: mwanga, rangi, chenga. Nikaweka tiki kila mahali, na kule kufuta kukaingia humo humo. Kamera haikusogea. Kwa hiyo kila picha niliyoibonyeza ilifutwa palepale."

"Palepale nilipokaa mimi."

"Ndiyo, dada."

"Kwa hiyo mimi ndiyo ndoo." Wifi alikunja mikono. "Mmeitunga vizuri. Mmekaa lini mkaipanga?"

Siwezi kumlaumu. Ningekuwa yeye, nami nisingeamini.

"Dada, picha ya asili haiguswi," Nusugiza alisema. "Preseti inalala juu yake kama shuka. Ngoja niifunue."

Akaondoa alama za kufuta, na wifi akarudi. Alikuwa amevaa vizuri, amekaa wima, mkono wake juu ya mgongo wa kiti cha pembeni. Picha ya pili, mkono uko palepale. Ya tatu, binamu mmoja ameshikilia sahani, anataka kukaa, na wifi amemwinulia kiganja cha kumzuia. Ya nne, binamu ameondoka na mkono umerudi kwenye kiti. Tukafika kwenye ile kubwa. Meza yote ilikuwa imejaa, watu wamebanana, kiti kile kimoja tu ndicho kitupu, na wifi amekishikilia huku macho yake yakitazama upande wa jikoni, ambako mimi nilionekana nusu uso juu ya kigoda.

"Hicho kiti kilikuwa cha nani?" Nusugiza aliuliza. Mume wangu hajui wakati wa kunyamaza.

"Muulize mkeo," wifi alisema. "Nilimwita kwa macho mpaka yakaniuma."

Maneno yote niliyokuwa nayo tayari yalikuwa ya mtu aliyenikagua, si ya mtu aliyenishikia kiti jioni nzima.

Wifi alitoa simu akampigia mzee. "Baba, hiyo picha waambie wasiichapishe. Kuna nyingine inakuja." Akasikiliza. "Hapana, baba, hakuna ugomvi." Akakata, akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni.

Nilimtangulia upande wangu wa pazia. Kando ya cherehani nina kiti kimoja tu cha wageni, na siku zote kimejaa vitambaa. Nikavibeba vyote nikavitupa sakafuni, nikaweka mkono juu ya mgongo wa kile kiti.

"Wifi, kaa."

Alisimama. Alikitazama kiti, akanitazama mimi, akakitazama tena.

"Hakina pini?"

"Sina hakika," nikasema.

Akakipapasa chote kwanza, taratibu, kisha akakaa.