Chapati za viazi chini ya ungo

Mwezi wa tatu mwaka 1975 nilimpoteza mama yangu. Msibani watu walisema nilikuwa mtoto mwema kwake. Siku kumi na mbili kabla hajafa nilimdanganya kwa sababu ya chapati.

Zilikuwa chapati za viazi. Nilijifunza kuzipika nikiwa msichana wa kazi kwa mwenye duka mmoja wa Itigi. Unaponda viazi vilivyochemshwa, unatia chumvi, kitunguu na pilipili, unavitandaza juu ya chapati nyembamba, unaikunja katikati, unabana ukingo kwa vidole, kisha unaikaanga kwa samli mpaka ipate madoa. Tulipohamishiwa kijiji kipya karibu na Mkiwa, unga wa ngano ulikuwa wa nadra. Mwaka ule wa njaa tulikula ugali wa njano, wa mahindi ya msaada. Siku hiyo duka la kijiji lilipata ngano, nikapanga foleni tangu alfajiri. Viazi mume wangu alivinunua stesheni.

Nilipika nne. Nilikuwa nimeshakula moja niliposikia hodi. Alikuwa mama, ametembea kutoka kitongoji cha pili. Nilijua hajala. Nikazifunika zile tatu kwa ungo, nikatoka mlangoni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Leo kwako kunanukia kama harusini! Kuna nini?”

“Mkweo yumo ndani, anapumzika.”

Kwetu mama mkwe haingii alipo mkwewe, wala hali chakula machoni pake. Nilijua hatauliza zaidi. Alivuta khanga usoni, akarudi nyuma.

“Basi nisimsumbue. Nilipita kukusalimu tu.”

Akaenda. Sikumpa hata maji.

Mume wangu alikuwa shamba la kijiji. Haukupita muda akaingia na jembe begani, anacheka.

“Nimekutana na mama mkwe njiani. Aliponiona tu, mbio vichakani kama swala! Kajificha, khanga yote iko nje. Umempa nini?”

“Uji,” nikasema.

Hatukuwa na uji. Na mama alikuwa amemwona kwa macho yake, anatoka shamba, mtu niliyesema amelala ndani.

Mume wangu alikula moja. Asubuhi nilizibeba mbili zilizobaki kwenye sahani hadi kwa mama. Nilimkuta anachambua mlenda mkavu. Nikamwamkia.

“Mkwe wangu ameamka salama?” akauliza.

“Ameamka, mama.”

“Jana alikuwa amechoka. Mwache apumzike.”

Aliniangalia kidogo, kisha akaangalia sahani. Njiani nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi. Sikuyasema. Akaikata chapati moja, nusu akanipa mimi.

“Kula na wewe. Sitaki kula peke yangu.”

Nikala. Ilikuwa imepoa, samli imeganda.

Alipomaliza aliosha sahani, akaingia ndani, akatoka na karanga za kujaa kiganja, zile alizoziweka kwa mbegu. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Nilikataa mara moja tu. Alipozisukuma tena nilizipokea, nikaenda nazo nyumbani, nikazikaanga, tukazila.